Sauti Aliyoizima Blandina

Mwaka 1956 mwezi wa Ramadhani uliangukia katikati ya masika. Nyumba ya Mama Mrisho katika Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ilikuwa ikivuja katika kila chumba isipokuwa kile cha mwenye nyumba mwenyewe. Chumba cha nyuma, kilichopakana na jiko la uani, alikipanga Blandina pamoja na binti yake Celina. Mumewe, Kasmir, alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini. Homa ilimwondoa kabla mvua hazijaanza, akazikwa hapa hapa mjini, mbali na migomba ya baba zake.

Siku ya kuondoa matanga, Severine, kaka mkubwa wa marehemu, alisema neno lake mbele ya wote waliokaa jamvini. Alisema kwamba mtoto wa Kasmir ni mtoto wa ukoo, na kwamba ukoo hauwezi kuiachia njaa imlee. Lakini kwa kuwa Blandina alilia na kumshika miguu, alimpa muda.

"Mfungo wa hawa jirani zako utakapoelekea kwisha, nitarudi," alisema. "Nikikuta una shughuli ya kumlisha mtoto, nitawaacha mkae. Nisipoikuta, Celina atapanda basi pamoja nami kwenda kwetu Kibosho. Wewe utakuja ukipenda."

Blandina alijua maana ya kuja akipenda. Angelala jikoni kwa mke wa Severine na kukata majani ya ng'ombe wa watu, na Celina angelelewa na mwanamke mwingine mbele ya macho yake.

Akachagua vitumbua. Alikuwa ameona kwamba mwezi wa mfungo hakuna nyumba ya Kariakoo inayofuturu bila kitu cha mchele mezani, na kwamba wanawake wengi, kwa uchovu wa kufunga, hupenda kununua kuliko kupika. Mama Mrisho alikubali kumfundisha kabla mwezi haujaandama. Alimwonyesha namna ya kulowesha mchele, kuutwanga, kulichanganya rojo na tui la nazi na iliki, kutia hamira na kuliacha rojo liumuke mpaka lipumue lenyewe.

Vitumbua vya kwanza viling'ang'ania kwenye chuma cha kukaangia kama gundi. Vya pili viliungua chini vikabaki vibichi katikati. Blandina alichutama mbele ya mkaa, midomo ikimtembea, na Mama Mrisho, aliyekuwa akichambua mchicha, akainua kichwa.

"Nani huyo unayemtukana uani kwangu?"

"Simtukani mtu, mama."

"Nimekusikia. 'Mzito wewe, mjinga wewe, mkono wa jembe huu.' Nani mwenye mkono wa jembe?"

Blandina aliona haya. "Najisemea mwenyewe."

"Lo! Na Celina akimwaga maji, unamwambia hivyo?"

"Hata kidogo. Namwambia achote mengine."

"Basi kajisemee kama unavyomsemea mwanao. Mtu gani huyu, anaamka asubuhi anajipiga makofi, halafu anataka kitumbua kiumuke!"

Wanawake waliokuwa uani walicheka, na Blandina pia akacheka, lakini neno lile alilishika kwa nguvu zote. Tangu utotoni alikuwa akiisikia sauti ile. Ilianza kama sauti ya shangazi yake aliyemlea, ikaja ikawa ya kwake mwenyewe, na haikupata kumwambia jambo zaidi ya kwamba hawezi. Alipotaka kuja mjini na Kasmir, ilimwambia hawezi. Alipojifungua Celina, ilimwambia hawezi. Sasa aliamua kuizima. Kila ilipoanza, aliikata kwa kujiita jina, polepole, kama mtu anayemtuliza mtoto: "Blandina, pindua taratibu. Blandina, moto umezidi, punguza. Blandina, hicho kimeharibika, mimina kingine."

Mwezi ulipoandama, vitumbua vyake vilikuwa vikitoka chumani vya duara, vyekundu pande zote mbili. Aliketi barazani kila alasiri, ungo wake umefunikwa kitambaa cheupe, na watu walikuja. Hata Bi Chausiku wa nyumba ya pili, ambaye ulimi wake uliogopwa mtaa mzima, alikuja na sahani yake.

"Mama Celina, nani aliyekuroga ukajua kupika vitu vya pwani?"

"Ni Mama Mrisho, bibi."

"Mama Mrisho vyake huwa mawe. Hivi ni vyako. Nitilie, na usinichagulie vidogo. Mimi nimefunga, sikulala."

Blandina alikwenda kulala siku ile akiwa amejawa na furaha ambayo hakuijua tangu mumewe aondoke. Alimwona Celina amelala, akajiambia: umeweza. Alilisema neno hilo mara nyingi, kama mtu anayeonja asali asiyeamini kwamba ni yake.

Kisha hamira ikaadimika. Alikwenda dukani kwa Tulsidas, pembeni mwa soko, akakuta rafu ya makopo ya hamira tupu.

"Hakuna, mama," Tulsidas alisema, akiinua mikono yake miwili. "Kariakoo yote hakuna. Meli imechelewa, na watu wa mfungo wamebeba yote. Njoo wiki kesho."

"Wiki kesho watu watakuwa wamezoea kwa mwingine."

"Mimi nifanye nini? Hata mke wangu amenilaumu leo, anataka hamira ya mkate. Nimemwambia, Vidya, kula chapati."

Blandina alipita duka baada ya duka katika matope ya Mtaa wa Kongo na kurudi mikono mitupu. Rojo bila hamira hutoa vitumbua vigumu, bapa, na alijua kwamba Bi Chausiku angevirudisha mbele za watu. Ile sauti ya zamani iliinuka papo hapo: unaona? Haikuwa kazi yako. Aliikata. "Blandina, tulia. Fikiri. Njia ipo."

Siku ile ile alikuwa na ahadi ya kwenda Magomeni kwa Euphrasia, waliyetoka naye kijiji kimoja, ambaye alikuwa akiandaa ubatizo wa mjukuu wake. Alimkuta Euphrasia akiikoroga mbege, pombe ya kwao, katika pipa. Ndizi na ulezi vilikuwa vimechacha vizuri. Povu jeupe lilikuwa likipanda na kupasuka juu ya pipa kwa sauti ndogo ndogo. Blandina alisimama akilitazama. Akakumbuka jiko la misheni alikofanya kazi ya kuosha vyombo akiwa msichana, na Sista mpishi aliyekuwa akichota machicha ya pombe kama haya na kuyatia katika unga wa mkate. Mikate ile ilikuwa ikiumuka hadi kujaa juu ya bati.

"Euphrasia, nipe kidogo cha hili povu na machicha yake."

"Ya nini? Umeanza kunywa kwa kijiko?"

"Ya kuumulia vitumbua."

Euphrasia alicheka hadi akashika kiuno. "Mjini kumekufunza! Chukua, dada, chukua hata bakuli."

Njiani kurudi, akiwa ameshika bakuli chini ya kanga ili mvua isiingie, kitu kilimgusa moyoni. Kilimwuliza: watu hawa hawanywi pombe, je, watakubali? Hakikupaza sauti wala hakikumtukana. Kilimwuliza tu, kisha kikanyamaza kikingoja jibu.

Lakini Blandina alikuwa amejifunza siku nyingi kuizima kila sauti iliyomzuia, na hakujua bado kwamba zilikuwa sauti mbili. "Usianze kujitisha," alijiambia. "Si pombe ya kunywa, ni chachu. Moto utaiteketeza. Sista alifanya, na wewe utafanya. Unaweza, Blandina." Kile kitu kikanyamaza, naye akahisi nguvu, akaongeza mwendo.

Rojo liliumuka siku ile kuliko siku zote. Vitumbua vilikuwa vyepesi, vyenye matundu ndani kama sega la nyuki, na viliisha ungoni kabla ya adhana. Kesho yake watu walikuja kutoka mitaa ya mbali. Bi Chausiku alituma sahani mara mbili. Siku zilizofuata Blandina alirudi Magomeni kuchota tena, na kila alipovuka bonde la Msimbazi na bakuli lake alijiona kuwa mwanamke mwerevu, aliyepata mlango mahali ambapo wengine waliona ukuta.

Alasiri moja, wanawake wa nyumba ile na wa jirani walikuwa uani wakingoja magharibi. Ilikuwa ile saa ambayo mtu aliyefunga hana nguvu hata ya kuudhika; sahani zimepangwa, uji unapoa, na kila sikio liko msikitini. Euphrasia aliingia kupitia ujia wa kati, akipangusa matope miguuni, mwenye furaha kwa sababu ubatizo ulikuwa umekwisha salama.

"Hodi humu! Mama Celina, nimekuletea machicha mapya, yale ya pipa la mwisho. Mbege ya ubatizo imekuwa kali, vitumbua vyako leo vitaruka vyenyewe!"

Akaliweka bakuli juu ya kinu, mbele ya wote.

Bi Chausiku aliinuka, akasogea, akainamia bakuli na kunusa. Alipoinua uso, haukuwa uso wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa.

"Mama Celina," alisema polepole, "niambie kwamba huyu mgeni anatania."

Blandina alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo: chachu, moto, Sista, meli iliyochelewa. Yote yalikuwa na maana alipojisemea mwenyewe barabarani. Sasa alipoyatazama mbele ya nyuso zile, hayakuwa na maana yoyote.

"Hamira ilikwisha," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Wiki!" mwanamke mmoja alilia. "Baba yangu mgonjwa amefuturu hivyo wiki nzima! Mzee wa watu!"

"Sikujua kwamba—"

"Hukujua kwamba sisi Waislamu?" Bi Chausiku aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa imepata makali yake. "Umekaa nasi miaka, tumekulilia mumeo, tumekupikia matanga, hukujua? Mwezi mtukufu, mwenzangu! Mwezi mtukufu unatulisha pombe kwa mkono wako, unatabasamu!"

Alichukua ungo wa vitumbua, akatoka nao hadi mferejini, akavimwaga katika maji ya mvua. Euphrasia alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Blandina alimtafuta Mama Mrisho kwa macho. Mama Mrisho alikuwa ameketi palepale alipokuwa, akilitazama jamvi, na hakusema kitu. Adhana ikasomwa. Wanawake wakafungua kwa maji, bila kuangaliana.

Siku iliyofuata, alasiri, barazani hapakuja mtu. Wala siku iliyofuata hiyo. Sauti ya zamani ilirudi chumbani mwa Blandina kama mwenye nyumba aliyesafiri na sasa amerejea kudai chumba chake. Iliketi kitandani pake. Ilimwambia: mzito wewe, mjinga wewe, mshamba, umewalisha watu haramu, umemuuza mwanao kwa bakuli la machicha. Alijaribu kujiita jina kama zamani. Alisema, "Blandina," akakwama hapo, kwa sababu hakujua tena la kumwambia huyo Blandina. Ile sauti njema ndiyo iliyompeleka Magomeni. Angewezaje kuiamini tena?

Mama Mrisho alikuja asubuhi moja, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliutazama ujia kama kuna mtu, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Bibi zetu, zamani, walikuwa wakiumulia mikate kwa tembo la mnazi. Nimeona kwa macho yangu nikiwa mtoto. Hamira ya kopo imekuja juzi."

Blandina alimtazama. "Mbona hukusema siku ile?"

"Niseme mbele ya Chausiku? Nami nina nyumba mtaani humu, na nina mtoto wa kuoza." Alifunga kanga yake upya. "Wala si hoja. Hao walijua walichokuwa wakila. Sisi hukutuuliza. Ungeniuliza, Blandina. Nilikuwa hatua chache kutoka kwako, nikichambua mchicha."

"Niliulizwa," Blandina alisema.

"Na nani?"

"Moyoni. Niliulizwa nikanyamazisha. Nilidhani ni ile ya kunitukana."

Mama Mrisho alitikisa kichwa, akaenda zake.

Blandina alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wengine walimwambia kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi, na kwamba hesabu iko kwa Mungu. Walisema kwa adabu, wakiwa wamesimama katikati ya mlango ili asiingie. Mzee mgonjwa alimwombea dua. Bi Chausiku alimwambia mtumishi wake aseme hayupo, na Blandina alimwona ndani, nyuma ya pazia, miguu yake ikionekana.

Severine alifika kama alivyoahidi, katika kumi la mwisho la mfungo, koti lake likiwa na matope mekundu ya safari. Celina alimwamkia, akampokea mfuko. Severine alikuwa mtu wa haki kwa kadiri yake. Kabla ya kuingia alikuwa ameuliza mtaani, na mtaa ulikuwa umemweleza.

"Shemeji," alisema, "nimesikia yote. Mji huu si wako. Wewe ni mtu wa jembe. Ulijitia ujanja usio wako, ukashindwa, na sasa hakuna anayekula kutoka mkononi mwako. Je, nasema uongo?"

Blandina alishtuka. Lilikuwa ni neno kwa neno lile aliloambiwa chumbani siku zote hizo. Alikuwa ameliamini kabisa alipolisikia ndani yake. Sasa lilitoka katika mdomo wa mtu aliyeketi juu ya kigoda, mwenye matope viatuni, asiyejua hata namna ya kushika kijiti cha kupindulia. Na kwa mara ya kwanza alilisikia kama neno la mtu, linaloweza kupimwa.

"Shemeji, nusu yake ni kweli," alisema. "Nilikosa. Nilikosa vibaya, kwa watu walionitendea wema. Lakini kupika sikushindwa. Kuuza sikushindwa. Nilishindwa kuuliza."

"Na leo unauza?"

"Leo siuzi."

"Basi nusu hiyo nyingine itamlisha Celina?"

Alimwomba ampe muda mwingine, hata mpaka Krismasi. Alimshika miguu kama siku ya matanga. Severine aliondoa miguu yake taratibu, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko angempiga teke.

"Mtoto anaondoka kesho. Siku utakayokuwa na shughuli, lete habari, na mimi mwenyewe nitamrudisha. Sina haja ya kula jasho la mjane. Au njoo nawe. Nafasi jikoni ipo."

Usiku kucha Blandina alisikia sauti mbili, na hakuweza kuzitofautisha. Moja ilisema: mfuate mwanao, mama gani anayebaki? Nyingine ilisema: ukienda, mtakuwa wawili mnaolishwa, na hapatakuwa na mtu wa kumrudisha. Hakuna hata moja iliyotukana. Zote mbili ziliongea kama zilimpenda.

Asubuhi aliwasindikiza mpaka kituo cha mabasi ya bara. Celina hakulia mpaka alipoona mama yake hapandi. Ndipo alipoita, "Mama, ingia!" na Blandina alishika ubao wa basi, vidole vikiwa nusu ndani, nusu nje, akasikia injini ikitetemeka mkononi mwake. Akauachia. Hakujua kama alikuwa amefanya sawa. Basi liligeuka kuelekea Barabara ya Pugu, na yeye akabaki amesimama katika moshi wake, akiwa bado ameinua mkono.

Alirudi kupitia dukani kwa Tulsidas. Hamira ilikuwa imefika.

Alasiri alihamisha jiko lake kutoka uani, akaliweka barazani, mbele ya macho ya mtaa. Akalitoa rojo la mchele na tui, akafungua kopo la hamira huku ameliinua juu, akawa anamwita kila aliyepita.

"Bibi, tafadhali sogea uone ninachotia. Je, kinafaa?"

Wengine waliharakisha. Wawili walisogea, wakatazama, wakakubali kwa kichwa kwamba kinafaa, wakaenda kununua kwa mwingine. Bi Chausiku alipita na sahani yake tupu.

"Bi Chausiku, njoo uangalie."

Bi Chausiku alisimama, akalitazama kopo kwa muda, akamtazama Blandina, akaona kwamba hakuna mtoto barazani. Uso wake ulibadilika kidogo.

"Nimeona," alisema. "Ni hamira. Lakini tumbo langu halitaki, Mama Celina. Usinilazimishe."

"Sikulazimishi."

Akaenda zake. Mvua ikaanza upya, na Blandina akaivuta kanga yake kuukinga mkaa. Hakujiambia kwamba anaweza. Hakujiambia kwamba hawezi. Maneno yote mawili yalikuwa yamemwishia. Alisema tu, kwa sauti ambayo mtu aliyeketi karibu angeisikia, kama angekuwepo mtu: "Hiki kimeiva, kipindue. Na hiki."

Adhana ya magharibi ikasomwa. Milango ya Mtaa wa Sikukuu ikafungwa mmoja baada ya mwingine, watu wakaingia kufuturu, na ungo wake ulikuwa umejaa mpaka ukingoni. Rojo lilikuwa bado limo bakulini. Akamimina tena.